Vidonge vya Kukondesha na vya Kunenepesha: Faida Iko Wapi, Hasara Iko Wapi?

Ndugu wafanyakazi, akina mama wa kambi, na ninyi vijana mnaosoma gazeti hili kabla baba hajalimaliza,

Mwezi huu ukurasa wetu wa Usalama na Afya hausemi juu ya kofia wala viatu vya kazi. Unasema juu ya kidonge. Kidonge hakina kelele kama mashine ya kutoboa mawe, wala hakitoi moshi kama baruti. Lakini kikimezwa bila akili kinaweza kumwangusha mfanyakazi sawasawa na jiwe lililokatika juu ya shimo.

Kwenye meza za wauza dawa, tangu masoko ya Bukavu hadi soko letu la Bulambika, wanunuzi wanauliza dawa za namna mbili. Namna ya kwanza ni dawa za kukondesha, za yule ambaye tumbo limemtangulia na mkanda haumtoshi. Namna ya pili ni dawa za kunenepesha, za yule aliyekonda, au za yule dada anayetaka mashavu na makalio yajae kabla ya siku ya harusi. Zote mbili zinauzwa bila karatasi ya muganga, na zote zinauzwa kwa maneno matamu.

Watu wananiuliza: "Muganga, dawa hizi ni nzuri ama ni mbaya?" Sipendi kujibu kwa neno moja. Tufanye kama mpimaji wa kasiterite: haangalii ukubwa wa mfuko, anaweka mfuko juu ya mizani na kusoma namba. Na sisi tuweke faida upande mmoja, hasara upande wa pili, halafu kila mtu asome mwenyewe.

KWANZA TUJUE UZITO WENYEWE

Watu wengi wanaotafuta dawa ya kukondesha si wanene, na wengi wanaotafuta dawa ya kunenepesha hawakukonda. Wanajipima kwa macho ya jirani. Sisi wa dispanseri tuna kipimo ambacho kila mtoto wa shule anaweza kukifanya. Chukua uzito wako kwa kilo, ugawanye kwa urefu wako kwa mita uliozidishwa kwa urefu ule ule.

Mfano: mama mwenye urefu wa mita 1.60 na uzito wa kilo 77. Zidisha 1.60 kwa 1.60, unapata 2.56. Gawanya 77 kwa 2.56, unapata 30. Mfano mwingine: mchimbaji mwenye urefu wa mita 1.70 na uzito wa kilo 53. Zidisha 1.70 kwa 1.70, unapata 2.89. Gawanya 53 kwa 2.89, unapata 18.3.

Kwa mtu mzima, chini ya 18.5 ni kukonda. Kati ya 18.5 na 25 ni uzito mzuri. Kuanzia 25 uzito umezidi. Kuanzia 30 huo ni unene ambao ni ugonjwa, kwa sababu unaita tansio, ugonjwa wa sukari na maumivu ya magoti. Kwa hiyo yule mama wa mfano wetu ana sababu ya kweli ya kupunguza kilo, na yule mchimbaji ana sababu ya kweli ya kuja kwetu haraka. Kipimo hiki hakimfai mama mwenye mimba wala mtoto, na mtu mwenye misuli mingi kinaweza kumwonyesha mnene bure. Lakini kwa wengi wetu kinasema ukweli kuliko ulimi wa jirani.

DAWA ZA KUKONDESHA ZINAFANYA NINI?

Dawa za kukondesha zina majina mengi, lakini njia zake ni chache. Mtu akikuuzia moja, mwulize: inapita njia gani?

Njia ya kwanza ni kuondoa njaa. Dawa inaingia katika ubongo na kuudanganya kwamba tumbo limeshiba. Dawa nyingi za namna hii zinaufanya moyo uende mbio na kupandisha tansio.

Njia ya pili ni kuzuia mafuta ya chakula yasiingie katika damu. Hiyo ni dawa inayoitwa orlistati.

Njia ya tatu ni kukausha maji ya mwili, kwa dawa ya kukojoza au ya kuendesha tumbo. Hii ndiyo ya hila kubwa, kwa sababu mizani inashuka kweli. Mtu anapoteza kilo mbili kwa siku mbili, anafurahi. Lakini amepoteza maji, hakupoteza mafuta. Akinywa tu, kilo zinarudi. Sasa fikiri juu ya mfanyakazi anayeshuka shimoni, mahali pa joto, anatoa jasho masaa mengi, na asubuhi amemeza dawa ya kukojoza. Maji yametoka mara mbili, na chumvi ya potasiamu imetoka pamoja na maji. Misuli inakaza, kichwa kinazunguka, moyo unapiga bila utaratibu. Akianguka, atakuwa ameangukia kwenye mashine au kwenye ngazi, na pengine atamwangukia mwenzake wa chini.

KIDONGE KILICHOTOKA KATIKA KIWANDA CHA BARUTI

Sisi watu wa migodi tunaijua baruti. Basi sikilizeni habari hii.

Wakati wa vita kuu ya kwanza, viwanda vya silaha vya Ufaransa vilitumia dawa inayoitwa dinitrofenoli kutengenezea baruti. Wafanyakazi waliovuta vumbi lake au kulishika kwa mikono walianza kutoa jasho jingi, kushikwa na homa na kukonda. Wengine walikufa. Sisi tungesema: sumu hiyo, fungeni. Lakini mwaka 1933 waganga wa chuo kikuu cha Stanford, huko Marekani, waliandika kwamba dawa hiyo inapunguza unene. Mara moja ikaanza kuuzwa. Inakadiriwa kwamba katika muda mfupi watu wapatao 100,000 waliitumia.

Inafanyaje kazi? Mmewahi kuona lori lililonasa katika matope kwenye barabara ya Hombo. Dereva anakanyaga mafuta, magurudumu yanazunguka, moshi unatoka, injini inachemka, lakini lori haliendi hata hatua moja. Ndivyo dinitrofenoli inavyoufanya mwili: unachoma chakula na mafuta yake yote, lakini hakuna nguvu inayopatikana, ni joto tu. Mtu anakonda kweli. Wengine walipata mtoto wa jicho wakawa vipofu wakiwa vijana. Wengine walikufa kwa joto la miili yao wenyewe, na hakuna dawa ya kuizuia sumu hiyo ikishaingia. Mwaka 1938 Marekani ilitoa sheria mpya ya dawa, na dinitrofenoli ikaondolewa kwa sababu haifai kabisa kwa binadamu. Hata hivyo kuna watu wanaoiuza kwa siri mpaka leo, na bado inaua.

Msiseme hayo ni ya zamani. Ufaransa, nchi ambayo dawa zake tunaziamini sana huku kwetu, iliuza dawa ya Mediator tangu mwaka 1976 mpaka mwaka 2009. Iliandikwa kuwa ni ya wagonjwa wa sukari, lakini watu wengi waliimeza ili wakonde. Ndugu yake, Isoméride, ilikuwa imekwisha kuondolewa mwaka 1997 kwa sababu iliharibu moyo na mapafu. Muganga wa mapafu wa mji wa Brest, Bi Irène Frachon, alionyesha kwamba Mediator nayo inaharibu milango ya moyo. Mwaka 2021 mahakama ya Paris ilihukumu kampuni ya Servier iliyoitengeneza kuwa na hatia ya udanganyifu na ya kuua bila kukusudia.

Na sibutramini? Iliuzwa miaka mingi kama dawa ya kuondoa njaa. Mwaka 2010 iliondolewa Ulaya na Marekani kwa kuwa iliongeza mshtuko wa moyo na kiharusi kwa watu wenye ugonjwa wa moyo. Lakini bado wakaguzi wanaikuta imefichwa ndani ya chai na kahawa za kukondesha ambazo juu ya paketi zimeandikwa kuwa ni "majani matupu". Mtu anafikiri anakunywa majani, kumbe anakunywa dawa iliyokatazwa.

FAIDA IPO, LAKINI IPIMWE

Sitaki mseme muganga anakataza kila kitu. Katika dawa zinazouzwa bila karatasi, orlistati ndiyo iliyochunguzwa vizuri. Ile ya miligramu 60 iliruhusiwa kuuzwa hivyo Marekani mwaka 2007 na Ulaya mwaka 2009. Inazuia karibu robo ya mafuta unayokula. Ulaya inauzwa kwa mtu mzima ambaye kipimo chake ni 28 au zaidi, tena akiwa amepunguza chakula. Katika uchunguzi, watu waliomeza hata ile yenye nguvu zaidi, ya miligramu 120, pamoja na kupunguza chakula, walipoteza kama kilo tatu kwa mwaka kuwazidi wenzao waliopunguza chakula peke yake.

Kilo tatu kwa mwaka mzima. Kwa mtu mwenye ugonjwa wa sukari, kilo tatu si kitu cha kudharau. Hiyo ndiyo faida, na tunaiandika kwenye daftari.

Sasa tuandike hasara. Mafuta yaliyozuiwa yanatoka chini, pengine bila kuomba ruhusa. Mtu wa shimoni asiye na choo karibu anielewe. Vitamini A, D, E na K zinapungua pia, na mtu anayemeza dawa nyingine lazima amwulize muganga kwanza. Tena, dawa hiyo inazuia mafuta tu. Haigusi bugali, haigusi ndizi, haigusi sukari wala pombe. Kwa familia nyingi za huku, sahani yetu ni mlima wa bugali na sombe yenye mafuta kidogo ya mawese. Orlistati itafanya nini mbele ya mlima huo? Utalipa bei ya kuzuia mafuta ambayo hukuyala.

Kuna pia sindano mpya kama semaglutidi. Hizo zinapunguza kilo nyingi zaidi, lakini ni dawa za karatasi ya muganga na bei yake ni kali. Mwezi wa sita mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo juu ya sindano bandia za dawa hiyo. Mtu akikuletea kwenye begi kutoka mpakani, usimpe mkono wako.

MSTARI WA PILI: WANAOTAKA KUNENEPA

Hapa ndipo ninapoomba msome polepole, maana kwetu Kivu hatari hii ni kubwa kuliko ile ya kwanza.

Kwetu unene ni heshima. Mtu akinenepa, watu wanasema kazi inamlipa na mke anampikia vizuri. Akikonda, wanasema ana SIDA, au amelogwa, au nyumba yake haina amani. Basi mtu anakimbilia kwa muuza dawa kununua mwili. Anapewa vidonge viwili, pengine vimechanganywa katika karatasi moja bila jina: siproheptadini, na deksametasoni ambayo sokoni wanaiita "dexa".

Siproheptadini ni dawa ya mwasho na mafua ya mzio. Inaleta njaa, na inaleta usingizi. Ninyi wa winchi, ninyi madereva wa malori, ninyi mnaoshika mashine ya kusaga mawe, fikirini neno hilo: usingizi. Mkaguzi wa usalama atatafuta kosa katika breki, kumbe kosa lilimezwa jana usiku. Dawa ya maji iitwayo Apetamin, inayotoka India, ina dawa hiyo hiyo ndani yake, na mwaka 2023 wakubwa wa dawa wa Marekani waliwaonya watu wasiitumie.

Tena fikirini hesabu ya nyumbani. Dawa hii inaleta njaa, hailetu chakula. Mtu anatoa franka zake kununua njaa, halafu hana franka za kununua maharagwe ya kuituliza. Na akiacha dawa, njaa inarudi kuwa ya kawaida na kilo zinaondoka.

Deksametasoni ni dawa kubwa. Mwaka 2020 waganga wa Uingereza walionyesha kwamba inaokoa wagonjwa mahututi wa Covid-19, na hospitali zote zinaihitaji. Lakini dawa inayozima moto katika nyumba inayoungua haifai kumwagwa kila siku katika nyumba nzima. Anayeimeza kila siku ili anenepe, uso unavimba kuwa wa duara na tumbo linajaa, lakini misuli ya mapaja na mikono inakonda. Sukari ya damu inapanda, tansio inapanda, mifupa inapoteza nguvu. Je, mchimbaji anataka sura ya mtu aliyeshiba na mapaja ya mzee?

Na kuna lingine. Deksametasoni inawalaza askari wa mwili. Vijidudu vilivyokuwa vimefungwa gerezani vinafunguliwa mlango. Kuna minyoo midogo sana inayoingia kwa ngozi ya miguu mahali penye udongo wenye maji, kama kwenye mashimo yetu. Mwili wenye askari huishi nayo miaka mingi. Chini ya dexa inazaliana, inatawanyika hata mapafuni, na inaweza kuua. Na kifua kikuu kilichokuwa kimelala kinaamka.

KUKONDA NI HABARI, USIIFICHE

Namkumbuka mfanyakazi mmoja wa shimoni. Alianza kukonda. Wenzake walimcheka, wakasema mkanda wake umeongezwa matundu mawili. Alikuwa anakohoa kidogo, lakini katika vumbi nani hakohoi? Alinunua vidonge sokoni. Baada ya majuma machache uso ulijaa, njaa ikarudi, na wale wale waliomcheka wakampongeza. Homa ya jioni nayo ikapungua, kwa sababu dexa inaficha homa. Alipofika kwetu alikuwa anatema damu. Makohozi yalipimwa, kifua kikuu kilionekana. Yeye alimeza dawa miezi sita akapona, anafanya kazi mpaka leo. Lakini mtoto wake wa miaka mitatu, aliyekuwa akilala kitanda kimoja naye miezi yote ile ya kupongezwa, alikuwa ameambukizwa.

Ndugu, mwili ukikonda bila sababu unakupigia kengele. Unaweza kuwa unasema kifua kikuu, au ugonjwa wa sukari, au SIDA, au minyoo, au chakula kidogo tu. Kidonge cha kunenepesha hakizimi moto. Kinakata kamba ya kengele.

Sisi tunaofanya kazi ndani ya mawe tuna sababu ya kuogopa zaidi. Vumbi laini la mawe yenye silika linaharibu mapafu, na mtu mwenye ugonjwa huo wa vumbi hushikwa na kifua kikuu mara tatu au zaidi kuliko mwingine. Kwa hiyo shikeni alama hizi nne: kikohozi kinachopita majuma mawili, kukonda, homa ya jioni, jasho la usiku. Hata alama moja inatosha kukuleta. Dawa za kifua kikuu katika nchi yetu zinatolewa bure kwa mpango wa taifa. Muuza dexa anadai franka; sisi tunadai makohozi tu.

WATU WANASEMA

Nimesikia majibu mengi, na ni haki niyajibu.

Wengine wanasema: "Fulani alimeza, akanenepa, hana shida." Ni kweli, si kila anayemeza anaanguka. Hata anayeingia shimoni bila kofia haangukiwi na jiwe kila siku. Tunavaa kofia kwa ajili ya ile siku moja.

Wengine wanasema: "Sisi akina mama tunataka kupendeza, wewe ni mwanaume, hujui." Mama, kupendeza ni haki yako na simcheki mtu. Lakini mwili wa dexa si mwili wako, ni wa kukodi, na siku ya kuurudisha utadaiwa riba. Na ninyi akina baba, chungeni midomo. Mara nyingi safari ya mke kwenda kwa muuza dawa inaanzia kwenye maneno aliyoyasikia mezani kwake.

Wengine wanasema kwa sauti ya chini: "Muganga, siku ya kupimwa wakiona nimekonda, nitapoteza kazi." Jibu hili ni zito, na mimi siliwezi peke yangu. Ndiyo maana nalisema hapa mbele ya wote.

OMBI LANGU KWA WAKUBWA

Maoni yangu ni haya. Mtu akiogopa mizani, ataidanganya mizani. Kampuni ikitaka wafanyakazi wasimeze dexa, lazima iwaondolee woga wa kukonda. Tupime uzito wa kila mfanyakazi kila baada ya miezi mitatu, tuuandike katika kadi yake, na kadi hiyo ikae dispanseri, isitembee ofisini. Mtu aliyepoteza kilo apelekwe kupimwa makohozi na sukari, asipelekwe kuaga. Aliyekutwa na kifua kikuu apewe mapumziko mpaka hawaambukizi wengine, kisha arudi mahali pasipo na vumbi. Mfanyakazi aliyetibiwa anajua kazi. Mpya lazima afundishwe. Na maji yamwagwe juu ya mawe wakati wa kutoboa, maana vumbi lililolowa haliingii mapafuni. Najua yote hayo yana gharama. Lakini mtu mmoja anayetema makohozi ya kifua kikuu katika shimo lisilo na hewa anagharimu zaidi.

Makapita nao wana kazi. Kapita akiona mtu anasinzia kwenye winchi, asitukane tu. Amwulize amemeza nini.

SASA TUFANYE NINI?

Kwa yule anayetaka kupunguza uzito. Kwanza pima sukari na tansio. Halafu angalia vitu vitatu. Mafuta: kijiko kikubwa kimoja cha mawese kina kalori kama 120, mama apime kwa kijiko, asimimine kwa chupa. Pombe: chupa moja kubwa ya Primus ina kalori kama 300, mbili kila jioni ni chakula kamili ambacho hakikujaza tumbo. Mwendo: wa ofisini na madereva watembee nusu saa kila siku. Wa shimoni asipunguze chakula kwa nguvu, kazi yake inakula sana; apunguze pombe kwanza. Ukipunguza nusu kilo kwa juma, unakwenda vizuri.

Kwa yule anayetaka kuongeza uzito. Kwanza pima makohozi, sukari, damu na minyoo. Ukiwa mzima, pesa ya vidonge inunue maharagwe, karanga, sambaza, mayai, na mafuta ya mawese juu ya sombe. Kula mara tatu, hata kidogo kidogo. Mwili wa chakula unakuja polepole, lakini haukimbii ukikosa kidonge.

Kwa mama mwenye mimba au anayenyonyesha, na kwa mtoto: hakuna dawa ya sokoni ya uzito inayowafaa, hata moja. Mtoto akivimba uso na miguu, usifurahi kwamba amenenepa. Hiyo ni dalili ya utapiamlo. Mlete siku hiyo hiyo.

Kwa yule ambaye tayari anameza dexa: usiiache ghafla leo kwa sababu ya ukurasa huu. Mwili uliozoea dexa umeacha kutengeneza dawa yake ya ndani, na ukiikata mara moja unaweza kuzimia, hata kufa. Njoo dispanseri au nenda Hospitali Kuu ya Bunyakiri, ulete na karatasi ya vidonge. Tutaipunguza hatua kwa hatua. Hakuna atakayekugombeza, na jina lako halitatoka nje ya mlango.

Kwa wote: usinunue kidonge kisicho na jina, kisicho na tarehe, kilichokaa juani. Uliza maswali matatu kabla ya kutoa franka. Dawa hii inaitwaje? Inapita njia gani mwilini? Na nikiiacha itakuwaje? Muuzaji asiyeweza kujibu hayo anauza bahati nasibu.

Nimeweka mizani mbele yenu. Upande wa kukondesha, faida ni kilo chache kwa mtu mnene kweli anayesimamiwa na muganga. Upande wa kunenepesha kwa dexa, mimi sioni faida yoyote kwa mtu mzima wa afya, na kwa mtu wa shimoni ninaona kifo kinachotembea na mashavu yaliyojaa. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Jumatatu asubuhi kabla ya zamu, mizani ya dispanseri iko wazi, na kuipanda ni bure.